Mwaka wa Kulinganisha

Mezani kwa mtakwimu bado kulikuwa na miwani ya aliyemtangulia, mtu aliyeondoka bila kuaga. Mkurugenzi alisimama nyuma yake, mkono begani pake.

“Tafuta mwaka ambao uchumi wetu ulikuwa hoi kuliko sasa, binti yangu, tujilinganishe nao. Mfupi akisimama na watoto huitwa mrefu.”

Akajaribu mwaka wa ukame. Akajaribu wa mafuriko, kisha ule wa vita, viwanda vilipofungwa vyote. Kila mara jibu lilitoka na alama ya kutoa.

“Hakuna, mzee,” alisema. “Hata mwaka wa vita tulikuwa na nafuu.”

Mkono ukatoka begani. Akasikia ufunguo ukizunguka mlangoni.

“Mwenye miwani hiyo,” mkurugenzi alisema taratibu, “naye aliniambia hivyohivyo.”