Asilimia Tatu ya Ihanja

Hakuna kinachomchosha mtafiti kama watu wanaokubaliana. Martina alikuwa ameketi katika nyumba ya wageni mjini Singida, kompyuta mbele yake, akitamani kuitupa dirishani. Wakulima wote aliowahoji katika kijiji cha Ihanja, alipowauliza wanadhani bei za vitu zitapanda kwa kiasi gani mwakani, walimpa jibu moja: asilimia tatu. Tajiri wa ng'ombe, tatu. Mjane asiye na hata kuku, tatu. Babu mmoja aliyemwambia wazi kwamba hajui asilimia ni mdudu gani, naye alisema tatu.

Utafiti wenyewe haukuwa wa mzaha. Benki kuu ikipandisha riba, na serikali ikigusa ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, mkulima wa alizeti anatarajia nini? Profesa Chediel, msimamizi wake, alikuwa Dodoma akisubiri ripoti, na ajira ya Martina pale chuoni ilitegemea ripoti hiyo. Alimpigia simu akidhani watakasirika pamoja.

"Lakini hayo ni matokeo mazuri mno," Profesa alisema. "Ndicho kiwango kinachotajwa na serikali. Wananchi wana imani na sera, matarajio yametulia. Andika hivyo, Ijumaa nasaini mkataba wako."

"Profesa, hawa watu wamepangana."

"Una ushahidi?"

Hakuwa nao. Alikuwa na hasira tu, na hasira haiingii kwenye jedwali. Kesho yake alipanda basi la Ihanja, njia nzima akiwanunia abiria wasio na kosa lolote.

Alimkuta mwenyekiti wa kijiji, Mzee Alute, uani kwake, akipepeta alizeti pamoja na mkewe, Theresia.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Umerudi? Kuna jibu limepungua?"

"Hakuna lililopungua. Yamefanana kupita kiasi. Mzee, nani aliwaambia mseme tatu?"

Alute hakuona haya hata kidogo. "Tuliitisha mkutano. Mgeni anakuja na maswali, kila mtu aropoke lake? Kijiji kinasema neno moja. Tukauliza serikali yenyewe inasema ngapi, mwenye redio akatuambia tatu. Tukaona tukisema hivyo hatumkosei mtu."

"Sikuja kutafuta adabu, mzee. Nilitaka kila mtu aseme la moyoni."

"La moyoni tulishawahi kusema," Mama Theresia alidakia. "Msimu wa juzi alikuja kijana, msomi kama wewe. Akatuuliza, alizeti bei ya chini kabisa mtakayokubali ni ipi? Tukamwambia ukweli, na kuku tukamchinjia. Wanunuzi walipokuja na malori yao, bei ikawa ileile ya chini kabisa. Walijuaje?"

Martina alitaka kumtetea kijana asiyemjua, lakini alijua ilivyokuwa. Ripoti ikishatoka husomwa na yeyote. Mnunuzi akisoma kwamba Ihanja wanaogopa maisha kupanda, atajua wana shida, na mwenye shida hapangi bei.

"Nisipoandika majina yenu je?"

"Ihanja utaiandika?" Alute aliuliza.

"Hiyo lazima."

"Basi andika tatu."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Uongo ule kila mtu aliutaka. Kijiji kiliutaka, Profesa aliutaka, na hata yeye mwenyewe ungempa kazi. Lakini wakubwa wakishaamini kwamba mkulima wa Ihanja ametulia, nani atahangaika tena na ushuru wa mafuta? Uongo ungewaumiza, ukweli nao ungewaumiza, na wao wanaendelea kupepeta kana kwamba hakuna lililoharibika. Aliwachukia kwa muda, kisha akamchukia yule kijana, kisha akaitoa simu.

"Profesa, Ihanja tuiondoe. Majibu yake hayafai."

"Ukiiondoa hakuna ripoti. Na bila ripoti hakuna mkataba, unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Wewe binti una kichwa kigumu," Profesa alisema, na simu ikakatika.

Martina aliitia simu kwenye mkoba. Machozi ya hasira yalikuwa yanamlenga, na aliona aibu kulia mbele ya wazee wa watu.

"Amekufukuza kazi?" Mama Theresia aliuliza.

"Nilikuwa sijaipata, mama. Ndiyo imekwenda hivyo."

"Kwa hiyo haya maneno yetu hutayaandika tena?"

"Sina wa kumwandikia."

Mama Theresia aliweka ungo chini. Akamvutia kigoda, akamkalisha, naye akaketi karibu yake. "Sabuni, sukari, mbolea, michango ya shule," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi naona mwakani vitapanda mara mbili. Usiku silali, binti yangu, nawaza tutakula nini."

"Mara mbili ni kutia chumvi," Alute alisema. "Mimi nilisema vitapanda kwa nusu tu. Mwingine akasema vitashuka, tukamcheka. Siku ile kwenye mkutano tuligombana mpaka giza likaingia, kila mtu na lake."