Boti Iliyogoma Jumanne

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, boti ya kuokolea watu iligoma kushuka, na mimi nikakwama nayo. Mkaguzi wa bandari alikuwa amesimama sitahani, mikono nyuma. Mabaharia wangu wakavuta, wakasukuma, ndoano inayoishikilia boti haikuachia. Mkaguzi hakusema mengi. Alisema meli haitoki, na kwa sheria za pale, mtu wa meli iliyozuiwa naye hashuki.

Mimi ndiye niliyekuwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitaha. Jioni ile ile nilikuwa nishuke na begi langu, nipande ndege, nikamwone mke wangu aliyelazwa hospitali. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa ameshanipigia simu: daktari kasema mwenye kuja aje.

Ndoano ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imepakwa rangi. Jumapili nahodha aliamuru kila kitu kiwe cheupe, eti wakaguzi wanapenda meli inayong'aa. Nikamwambia ndoano haipakwi rangi, inapakwa grisi. Rangi ikikauka itaigandisha. Akanikata jicho, akaniteremsha ghalani nikapange kamba, brashi akawapa mabaharia wawili wapya. Mtu aliyezeekea baharini hajui hilo? Mlango ukipakwa rangi ukiwa umefungwa, nani asiyejua kwamba utang'ang'ania? Halafu mbele ya mkaguzi akaninyooshea kidole: uzembe wa serahangi.

Haya. Nikameza. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeikwangua rangi yote, boti inashuka na kupanda kama ndoo kisimani. Kilichobaki ni kumwita mkaguzi arudi aone. Hakuitwa.

Kesho yake akapanda ngazini mtu wa kampuni, msuluhishi, ambaye kazi yake ni kuzunguka bandari ngumu na kukwamua meli zilizozuiwa. Viatu vinang'aa, sauti kama ya mgonjwa. Ukimuuliza lolote anakujibu, "Taratibu," basi tukambandika jina, Bwana Taratibu. Kila asubuhi anakuja, anajifungia na nahodha, wanakunywa kahawa, anashuka. Siku moja nikamngoja mlangoni.

"Bosi, boti ni nzima. Mkaguzi anaitwa lini?"

"Taratibu, mzee wangu. Mambo ya bandari hizi ni kama uzi uliotatana, ukivuta kwa pupa unakaza fundo."

"Fundo nimeshalifungua mimi. Mke wangu yuko mahututi."

"Pole sana. Tunalifanyia kazi." Akaangalia saa yake, siyo uso wangu.

Aliyenifumbua macho ni fundi mkuu wa mitambo, mtu wa masihara asiyemwamini hata mama mkwe wake. Alisema kule tulikokuwa tunaelekea kuna mwenye mchele, ule ulioloa ghalani mwetu safari iliyopita, na ameshakwenda mahakamani ili meli ikamatwe ikifika tu.

"Aliyeko jela hii hapelekwi jela ile," akasema, akacheka peke yake. "Wakubwa wanataka tukae hapa mpaka mwenye mchele achoke, akubali watakachompa. Sisi nanga, mzee. Nanga haiulizwi."

Sikutaka kuamini. Lakini tangu hapo kila mlango uliofungwa niliusikia. Nahodha akinikuta, mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Mpishi akaninong'oneza kwamba kaagizwa anunue vyakula vya kukaa miezi, tena asiulize. Nikaomba nishuke peke yangu. Bwana Taratibu akasema uhamiaji wamekataa. Siku alipopanda ofisa wa uhamiaji nikamuuliza mwenyewe. Akashangaa. Hakuna aliyewahi kumwomba.

Shemeji akapiga simu nikiwa napiga msasa reli za ngazi.

"Shemeji, uko na mtu hapo?"

"We sema tu."

"Dada ametuacha. Alikuwa bado anauliza kama meli imefunguliwa."

Nahodha alinipa pole mbele ya watu, akasema ni mapenzi ya Mungu. Ya Mungu nayajua. Nayauliza ya kwao.

Mwenye mchele alikuja kuchoka, akakubali. Asubuhi iliyofuata mkaguzi akaitwa, boti ikashuka, ikapanda, akasaini, akaenda zake. Mke wangu walikuwa wameshamzika.

Gari la wakala wa meli pale bandarini likanipeleka uwanja wa ndege. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Akamsifu msuluhishi wetu kwamba ni mstaarabu, alimpokea yeye mwenyewe akampeleka hotelini, na masanduku mawili makubwa kama ya mtu anayehama. Nikamwambia, ndiyo, Jumatano ile. Akasema hapana baba, ilikuwa Ijumaa ya kabla yake, meli yenu haijatia hata nanga.

Nimekwenda ofisi ya kampuni mpaka benchi lao limenizoea. Meneja yuko kikaoni. Meneja kasafiri. Meneja anasema suala lile limekwisha, nishukuru Mungu nimerudi salama. Niliishia darasa la nne, sibishani na watu wa tai. Ila Ijumaa ndoano ilikuwa na grisi yake, niliipaka kwa mkono wangu. Rangi ilikuja Jumapili, na boti ikagoma Jumanne. Sasa Ijumaa ile, Bwana Taratibu alikuja kusuluhisha nini?