Jamaa Yote ya Kamioneti

Pwaa! Pwaa! Kisha mlio wa tatu, mrefu, wenye mkwaruzo, kama jogoo aliyeamka na mafua.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikaratusi ya Butembo, na hakuna aliyeweza kuona hata paa la jirani yake, lakini mtaa mzima uliijua sauti hiyo. Kwingine kote duniani klaksoni humwambia mtu: toka njiani! Klaksoni ya Phinées ilisema: njoo, nafasi ipo. Kwa hiyo milango ikafunguka. Vikapu vikapanda vichwani. Wenye mashamba upande wa Vuhovi, wenye wagonjwa, wenye mbuzi, waimbaji wa kwaya, wote wakaanza kuteremka gizani mwa ukungu wakifuata mlio.

Agar, mke wa Phinées, aliacha kuni zake jikoni akatoka mbio.

"Papa Abigaïl! Unaita batu ya kwenda nabo wapi?"

Phinées alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nilikuwa napasha tu moteri, mama. Mukono ilienda yenyewe."

Ikabidi awarudishe mmoja mmoja, kwa aibu, kama mtu aliyealika wageni karamuni na chungu hakina kitu. Kamioneti haikuwa inakwenda popote. Tangu wakubwa wa vita waweke kizuizi kipya kwenye mlango wa mji, upande wa Beni, gari lisilo na karatasi ya bima lilichukuliwa palepale kwa kazi ya vita. Na gari lililochukuliwa kwa kazi ya vita lilikuwa halirudi. Likirudi, lilirudi bila milango.

Kwa miaka yote Phinées hakuwa amewahi kununua bima. Alisema bima yake ni Mungu na fundi wa breki. Agar hakubishana naye, mpaka ujumbe ulipofika kwa fonii ya kanisa, redio ya kupokezana ujumbe. Abigaïl, binti yao wa pekee, alikuwa Beni, karibu na Mavivi, ambako ndege za jeshi zilitua na kuruka juu ya paa lake mchana kutwa. Mumewe alikwama Kisangani, ng'ambo ya mstari wa vita. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa mwisho. Mtu wa fonii aliyasoma maneno yake kama alivyoyapokea: "Mama, mukuye kunitwala. Minaogopa kuzalia huku peke yangu."

Badala ya kwenda kumchukua, wangeweza kumwambia apande lori, juu ya magunia ya maharagwe, kwenye barabara ile yenye mashimo ya kumeza ng'ombe. Agar alikataa hata kulifikiria. Mtoto wake angerudi kwenye kiti, ameegemea bega la mama yake. Hivyo bima ikatafutwa.

Wakaenda kwa Kasonia, wakala wa bima, kijana mnyoofu mwenye tai nyembamba, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Agar alimwonya mumewe njiani: "Akuulize kidogo, umujibu kidogo." Phinées akaitikia kwa kichwa. Lakini Phinées alikuwa mzee wa kanisa, na juu ya hayo aliipenda kamioneti yake. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza habari za gari lake, umefungua bomba.

"Papa, motoka inabebaka nani?" Kasonia aliuliza.

"Uniulize nani haibebi!" Phinées akajivuta mbele ya kiti. "Inabeba kwaya ya bamama. Inabeba bagonjwa, mpaka marehemu, Mungu abarehemu. Inabeba makabichi, mbuzi, mabibi-harusi. Mwaka ule maji ilibeba daraja, inabeba hata askofu na kofia yake!"

Agar alifumba macho.

"Donc, transport ya batu," Kasonia akasema, na kalamu yake ikaandika: gari la abiria. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu auze kamioneti ili apate pesa ya kuikatia bima.

"Hakuna ya chini?" Agar akauliza.

"Iko, mama. Bei ya motoka ya familia. Hiyo ni ya chini sana. Lakini motoka ya familia inabeba familia. Papa amenitajia mji muzima."

Wakashika njia ya nyumbani. Walipofika kwenye mteremko wa soko, Agar alishindwa kujizuia.

"Hata marehemu, Papa Abigaïl? Ulikuwa unamutajia na marehemu?"

"Ningedanganya? Miye?"

"Hapana kudanganya. Kunyamaza! Hata Biblia inafungwaka kiisha kusomwa."

Alicheka kabla hajamaliza kukasirika. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya kuishi na Phinées. Huyu ni mtu ambaye, siku ya kumchumbia, alichelewa kwa sababu alimbeba njiani mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, akaingia kwa wakwe na matope mpaka magotini. Baba yake Agar alisema: mpeni huyu, hatamwacha mtu njiani. Sasa sifa iliyompatia mke ilikuwa inamzuia kumfikia mtoto.

Kesho yake Agar alirudi ofisini peke yake. Hakubeba machozi, alibeba ombi.

"Muwakala, njoo uone motoka kwa macho yako. Ukiona hapana ya familia, tutanyamaza."

Kasonia alikubali, kwani sheria ya kazi yake ilimtaka alione gari kabla ya kusaini. Akaja asubuhi, tai shingoni, suruali amekunja kwa ajili ya matope. Kamioneti ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa. Phinées alisimama kando yake na punje za mahindi ya kukaanga mdomoni. Agar alimjaza makusudi, asije akasema.

Kasonia akakagua matairi. Akakagua taa. Akaingia ndani, akakanyaga breki. Kisha akasema kwa sauti ya kazi:

"Bien. Sasa klaksoni. Papa, piga klaksoni."

Phinées alimtazama mkewe, mashavu yamejaa mahindi, macho yakiomba msaada.

"Tunaweza kuacha klaksoni," Agar akasema haraka. "Ni muzima."

"Mama, bila klaksoni sisaini."

Pwaa! Pwaa! Na mlio wa tatu, ule mrefu.

Watu hawakukawia hata kidogo. Walikuja kama mchwa baada ya mvua. "Phinées anaenda! Phinées anaenda!" Kikapu kikarushwa nyuma, kikafuatwa na mwenye kikapu. Mbuzi akapandishwa kwa kusukumwa makalio. Kabla Agar hajafikia upande wa pili wa gari, nyuma ya kamioneti palikuwa pamejaa, na wimbo ulikuwa umekwisha kuanza.

Kasonia aliteremka polepole. "Hii ndiyo familia?"

Agar alitaka kujibu, lakini Mukaka Jokébed, bibi kizee aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake tupu la viazi kama juu ya kiti cha enzi, alimtangulia.

"Unauliza nani, weye wa tai? Mimi ni bibi ya huyu Phinées. Huyu ni bwana yangu."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Kasonia naye midomo ikamcheza, maana kwao, kama kwa kila mtu wa kabila lao la Wanande, nyanya humwita mjukuu mume wake, na nyanya yake mwenyewe alimdai kila Krismasi kitenge cha mke mkubwa.

"Na weye?" akamuuliza msichana aliyempakata mbuzi.

"Mimi ni mama yake." Alikuwa mdogo kwa Phinées kwa miaka mingi, lakini alizaliwa baba mmoja na mama yake Phinées, wa mwisho kabisa.

"Na huyu mwenye kulala?"

"Huyu ni baba yake," akajibu mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Alipewa jina la baba yake Phinées. Usimwamshe, ni mukali kama mwenyewe."

Wakala aliendelea, na kila aliyeulizwa alikuwa mjomba, shemeji, kaka, mkwe, na hakuna aliyesema uongo. Kasonia angemkana yupi? Angemkana mmoja, jioni ile angelazimika kumkana na nyanya yake.

"Kiti ya huku nyuma munalipaka pesa ngapi?" hatimaye akauliza.

Kicheko kikakatika. Walitazamana kama watu walioulizwa bei ya mama.

"Kulipa?" akasema Jokébed. "Kulipa bwana yangu?"

Kasonia akamgeukia Phinées. "Papa, hakuna siku mutu alikulipa?"

Phinées alimeza mahindi kwa shida. "Mukaka ananipatiaka viazi. Lakini anasemaka ni ya Agar."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Kasonia akatikisa kichwa. Gari la abiria, alieleza, ni gari la kutoza watu. Hili halijawahi kumtoza mtu. Basi ni gari la familia, na bei ni ile ya chini. Agar alianza kupiga vigelegele, lakini wakala aliinua mkono.

"Ngojeni. Motoka ya familia, batu banaikala mbele, kabini tu. Ni batu batatu. Nyuma ni mizigo. Askari akikuta hata mutu mumoja huku nyuma, karatasi hii imekufa na motoka imeenda. Papa, miye najua hudanganye. Niahidi."

Hapo ndipo palipouma. Kamwe Phinées hakuwa amempita mtu barabarani. Angeweza kusema ndiyo, lakini ndiyo yake ingemfunga; na bila ndiyo hiyo, Abigaïl angezalia chini ya mngurumo wa ndege. Akawatazama wale waliokuwa nyuma, mmoja mmoja.

Jokébed ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akatupa gunia chini, akashuka kinyumenyume, mguu wake mwembamba ukitafuta bampa.

"Shukeni," akawaambia wengine. "Munaona mutoto ya batu anashindwa kusema. Mutamulizisha mbele ya mugeni?"

Wakashuka wote, na mbuzi. Ndipo Phinées akaweza kuahidi.

Safari ya Beni walikwenda wawili. Kwenye kizuizi askari alisoma karatasi juu chini, akazunguka nyuma, akainua turubai. "Papa, huku hakuna mutu?" Alionekana kusikitika kwa kutopata kosa. Wakapita. Walipoteremka kuelekea joto la Beni, Agar alimsikia mumewe akihema kila walipowapita wenye mizigo. "Nyuma inakuwa muzito sana ikiwa bule, bila mutu," alisema mara moja tu, na Agar akaweka mkono juu ya goti lake, akauacha hapo.

Abigaïl alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, tumbo mbele kama ngoma. Alilia, akacheka, akauliza kama kuna viazi. Wakamketisha katikati yao, na njia nzima ya kurudi Agar alilishika bega la mtoto wake kwenye kila shimo.

Karibu na mji, pale njia ya mashamba inapotokea barabarani, mvua ilikuwa inaanza. Bibi kizee alisimama ukingoni na gunia la viazi miguuni. Alikuwa ameisikia kamioneti kutoka mbali, maana mara moja aliigeuzia mgongo, akawa anaitazama mikaratusi kwa bidii kubwa, ili mtu asilazimike kumkatalia.

Phinées akasimamisha gari katikati ya barabara.

"Endelea, bwana yangu!" Jokébed akapaza sauti bila kugeuka. "Sikuone! Niko naangalia miti!"

Phinées aliteremka, akalibeba lile gunia, akaliweka nyuma, kwani mzigo uliruhusiwa. Agar naye akateremka ampe kikongwe kiti chake, lakini Jokébed akakataa kumwacha peke yake mvuani. Basi Agar akajitanda kitenge, akaenda kusimama kando yake, mvua ikiwapiga wote wawili.

"Tutaikala hapa na Mukaka," akamwambia mumewe. "Mupeleke mutoto."

Phinées alirudi kwenye usukani, akatoa kichwa chote dirishani, maji yakimtiririka usoni.

"Mukaka, usihame hapo! Ninamushusha Abigaïl, ninarudi palepale, na weye na Mama Abigaïl mutaikala hapa mbele kama madame ya gouverneur. Na mutoto akizaliwa, mukono yako ndiyo ya kwanza kumubeba. Nimeahidi, bibi yangu, na unajua miye sidanganye!"