Watoto wa Mvua

Mwanangu Høgni hakumchukia Sjoerd, kijana wa Kifrisia, kutoka kaskazini mwa Uholanzi, ambaye mjukuu wangu Sunnvá alimleta nyumbani kama mchumba. Aliogopa tu.

"Mama, nitaongea naye nini?" aliniuliza jikoni. "Kiingereza changu kinaishia kwenye bei ya samaki. Wakizaa, nitaongea na wajukuu kwa kupunga mikono?"

Akamwambia Sunnvá ndoa hiyo haitaki. Binti akalia, mgeni akaosha vyombo vyote bila kuombwa.

Jumamosi tulikuwa tunageuza nyasi za kondoo, karibu zimekauka. Hapa kwetu visiwani Faroe siku kavu haichezewi. Høgni alikuwa amenuna, kaupa mlima mgongo. Ghafla Sjoerd akatupa reki.

"Rein! Rein!"

Høgni hakuuliza maana. Sisi mvua tunaiita *regn*.

"Shika turubai!" akafoka kwa Kifaroe, na Sjoerd, akifuata ishara za mikono yake, akashika upande wa pili. Walipomaliza kufunika, nyasi zilikuwa kavu na wao wamelowa chapachapa.

Mezani Høgni hakugusa chai.

"Kwa nini nimemwelewa?"

Sunnvá alicheka. "Ni neno moja, Baba. Waholanzi na Wajerumani husema *regen*, Waingereza *rain*. Wagoti wa kale walisema *rign*. Maneno hayo yote ni watoto wa mama mmoja."

"Mama mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Hakuna aliyemwandika, Bibi. Wataalamu wamemkisia kwa sura za watoto."

"Na baba yake?"

"Hapo wanabishana."

"Kama kijiji hiki!" Høgni akaangua kicheko, mpaka Sjoerd naye akacheka bila kujua kisa. Sunnvá alipomtafsiria, akacheka upya.

Høgni akainuka. Alirudi na soksi zake za sufu, zile nilizomfumia mwenyewe, akaziweka mapajani mwa kijana. Kisha akaanza kumwonyesha vitu. Akagonga ukuta: nyumba. Neno la Sjoerd likafanana. Akainua mkate. Likafanana. Uso wake ukazidi kung'aa. Akaelekeza kidole dirishani, kwa kondoo wake.

"Seyður," akasema.

"Skiep," akajibu Sjoerd.

Hayakufanana hata kidogo. Høgni akatafakari, akammiminia kijana chai.

"Basi huyu *skiep* ni mtoto wa kambo," akamwambia Sunnvá. "Mwambie tutamlea tu."