Isale Kando ya Mkanda Mweusi

Kaka yangu Wenseslaus alitupa makumbusho yangu nje siku ya Alhamisi, nikiwa sokoni. Niliporudi Kirua nilikuta ngao ya babu, ile ya ngozi ya nyati, imelala kwenye migomba, na nguo za karate za marehemu baba zimelowa chapachapa. Picha za mabondia wa zamani wa Moshi nazo zilikuwa chini. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli jipya.

Nilikasirika. Stoo ile zamani ilikuwa ya kahawa. Baba, mwalimu Antoni, aliyefundisha karate vijana wa mjini miaka mingi, alinikabidhi mbele ya wazee ili vitu vya mapigano ya huku kwetu visiozee darini. Wenseslaus alitaka kujenga hapo nyumba za watalii. Alisema kihamba, shamba la ukoo, ni cha wanaume, na mwanamke kushika mkuki ni aibu kwa ukoo. Mimi nina mkanda mweusi. Yeye alikimbia mazoezi wiki ya kwanza.

Sikuvunja kufuli. Nilitandaza turubai uani, nikapanga kila kitu juu yake, na Ijumaa wanafunzi walipokuja kutembelea nikawaonyesha makumbusho hapohapo kwenye manyunyu. Wenseslaus alichungulia dirishani, akanuna.

Jumapili baada ya misa akaitisha kikao cha ukoo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, shikamoo zikaitikiwa, kisha kaka akafanya jambo alilodhani ni ujanja: alipiga magoti akaninyooshea jani la mmea wa isale lililofungwa fundo. Kwetu Wachagga isale haikataliwi, hata kama aliyeileta amekuulia ndugu. Akasema kwa unyenyekevu kwamba anaomba nimwachie stoo.

Nikikataa, nimejitenga na ukoo mzima. Nikikubali, nimemzika baba mara ya pili. Nikamtazama, nikaona tabasamu analolificha, na hapo hasira ikanipa akili. Nikamgeukia baba mkubwa Ndelilio, mkuu wa ukoo wetu.

"Baba, isale inaombewa nini?"

"Msamaha."

"Tangu lini inaombewa jengo?"

Mzee akaweka kata ya mbege chini. "Haijawahi," alisema, kisha akamkazia macho kaka yangu. "Wenseslaus, taja kosa lako. Isale haishikwi bure."

Kaka akababaika, lakini jani likishatolewa mbele ya wazee halirudi mfukoni. Akataja: alitupa vitu vya baba, na alifunga mlango usio wake. Shangazi Winfrida akamwambia aongeze sauti, hajasikia.

Nikalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, kaka. Sasa rudisha ulivyotupa."

Alifungua kufuli, akabeba mwenyewe, ngao kwanza, suti yake ya kanisani ikishika matope. Nilimwonyesha pa kutundika kila kimoja, wala sikumharakisha. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Lile jani nimelipigilia msumari kando ya mkanda mweusi wa baba. Limeshakauka. Wageni wakiuliza linatafuta nini kati ya mikuki, nawaambia hiyo ndiyo silaha pekee humu ndani iliyowahi kuinuliwa dhidi yangu, na aliyeiinua ndiye aliyenifungulia mlango.