Jino la Mama na Miendo Miwili

Ukweli usemwe: Mwewe hakuzoea kushindwa. Jina hilo alilipata chuoni, kwa sababu aliona ufa wa jino kwa macho matupu pale wenzake walipohitaji lenzi. Sasa alikuwa daktari wa meno kwenye chumba kimoja na shemeji yake, mume wa mdogo wake, na ugomvi wao ulikuwa gego la mama yake Mwewe.

Gego hilo ndilo lililoshikilia daraja la meno bandia upande mzima. Mwewe mwenyewe aliuziba mzizi wake miaka tisa iliyopita, na usaha umerudi. Ule mpira wa rangi ya waridi aliozibia lazima utoke wote; ukibaki, gego litang'olewa na daraja litakwenda nalo. Mwewe aliamini sindano ya mashine inayozunguka upande mmoja tu. Shemeji aliamini inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Wakagawana meno arobaini yaliyokwisha kung'olewa, yenye mizizi iliyozibwa kwa mpira ule ule, ishirini kwa ishirini, mshindi amtibu mama Ijumaa.

Nesi wao aliyapiga picha za eksirei bila kuambiwa lipi la nani. Shemeji alisafisha kabisa kumi na nane. Mwewe, sita.

Sita, jamani! Hapa kuna mkono wa mtu, Mwewe akajisemea. Kikulacho ki nguoni mwako. Akahesabu mizizi iliyopinda: imegawanywa sawa. Akabadilisha namba kwa siri, nesi asome upya: majibu yale yale. Hakulala vizuri siku mbili, hata salamu za shemeji akawa anaziitikia shingo upande.

Akaomba warudie meno matano, akajitia kupanga glavu kabatini huku jicho liko kwa shemeji. Akaona. Sindano ilitoka safi, shemeji akaifuta, akairudisha ndani. Ikatoka safi tena, akairudisha tena.

"Nimekukamata," Mwewe alisema. "Tulikubaliana sindano ikitoka safi, unaacha."

Shemeji hakubisha. Alimpa ile sindano na lenzi. "Safi kwa nani, shemeji?"

Chini ya lenzi, mpira wa waridi ulikuwa umejazana kwenye kila mfuo wa sindano. Mwewe akachukua sindano yake mwenyewe ya mwisho, ile aliyoapa kuwa imetoka safi. Waridi. Akaondoa lenzi: inang'aa. Akairudisha: waridi. Woga ukamshika, na aibu juu yake. Mashine hazikuwa na kosa lolote. Tangu mwaka jana alikuwa akisoma maandishi ya chupa za dawa kwa kunyoosha mkono, akisingizia taa.

Ijumaa shemeji ndiye aliyevaa lenzi. Mwewe alikaa kichwani kwa mama, amemshika mkono.

"Mbona si wewe?" mama akauliza.

"Macho yangu yamechoka, mama."

Mama alimtazama, ulimi wake ukiligusa lile gego.

"Na ulipoliziba," akasema, "yalikuwaje?"