Chini ya Kivuli cha Stuli

Msinicheke. Nyie hamjawahi kuwapanga ndugu zangu.

Mimi ndiye kitindamimba kwetu, na kazi yangu ni kuhariri picha kwenye studio moja ndogo yenye feni bovu na benchi la wateja. Siku hiyo Mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo saa nane mchana, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: picha yake akiwa na watoto wake wote, aitazame kabla hajachomwa sindano ya usingizi. Kitu kidogo, si ndiyo? Kwa watu wengine labda. Sisi hatukuwa tumekaa chumba kimoja tangu ugomvi wa friji la marehemu Baba. Mkiniuliza nani alilihamisha lile friji, nitawajibu, halafu tutaanza upya.

Kwa hiyo kila mmoja, pamoja na wifi yangu, nilimpiga picha kivyake, kwa wakati wake, asipishane na mwenzake hata mlangoni. Mama nilimpiga nyumbani, kwenye kiti chake cha mikono, na kile kiti nikakipiga pia kikiwa kitupu ili niweze kumsogezasogeza. Kazi ikabaki kuwabandika pamoja kwenye kompyuta.

Picha za namna hiyo tunazitengeneza kwa leya. Leya ni kama karatasi ya nailoni inayoonyesha ng'ambo: kila mtu ana yake, unazipanga moja juu ya nyingine, ukitazama kwa juu unaona familia. Pembeni mwa skrini majina ya leya yanajipanga kwenda chini, na kila jina lina kijicho kidogo. Ukikibonyeza, leya inajificha. Ukikibonyeza tena, inarudi.

Asubuhi ile leya zangu zilikuwa vurugu tupu. "Leya kopi." "Leya kopi ya kopi." Kivuli cha huyu kimelala juu ya pua ya yule. Nikajifunga kibwebwe. Nikazipa majina, nikakusanya za watoto wa Mama kwenye folda moja na za mapambo kwenye nyingine, nikazitia rangi ili nisizichanganye, na makorokoro yote yaliyobaki, hata kivuli cha stuli ya studio, nikayasukumia popote palipokuwa na nafasi. Chapchap, mambo yakanyooka. Nikawatumia ndugu zangu picha ya skrini kwenye simu, waikubali nikachapishe. Hapo ndipo nilipojichongea, maana nilituma skrini nzima, na yale majina ya pembeni humohumo.

Wa kwanza kufika alikuwa Kaka Mkubwa. Ni mhasibu, mtu wa tai hata siku ya mapumziko. Hakusalimia.

"Mimi," alisema, akigonga skrini yangu kwa ufunguo wa gari, "mtoto wa kwanza wa nyumba ile, niko chini ya kivuli cha stuli?"

"Kaka, hivyo si vyeo. Umesimama nyuma, kwa hiyo leya yako iko chini."

"Na nani aliyenisimamisha nyuma?"

"Urefu wako."

"Nipandishe."

Nikampandisha. Akawa juu ya wote, na bega lake likamfunika Dada Mwalimu uso mzima, ikabaki hereni moja inaning'inia. Kaka akaridhika kabisa.

Dada Mwalimu akaingia wakati huohuo, akaiona hereni yake. "Ahaa! Amewahi kuja, siyo? Kama alivyowahi kwenye friji!"

Kabla sijamjibu, Kaka Fundi naye huyo, seremala, penseli sikioni, na nyuma yake mkewe, wifi yangu, amevimba kwa hasira. Yeye habari za juu na chini hazikumhusu. Alikuwa amekuta jina lake kwenye folda ya mapambo, katikati ya pazia na maua.

"Wifi, mimi ni pambo?"

"Nilikuweka hapo kwa haraka, wifi yangu, wala si kwa ubaya."

"Nimewapikia hawa watu mpaka vidole vimeota sugu, kumbe ni ua la plastiki!"

"Mtoe mke wangu kwenye mapambo," alisema Kaka Fundi.

"Amtoe ampeleke wapi?" Dada Mwalimu akadakia. "Ile folda nyingine ni ya watoto wa Mama. Huyu Mama hakumzaa."

Nikajitia mpatanishi. Nikatengeneza folda ndogo ndani ya folda ya watoto, nikamweka wifi humo. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Chumba cha uani," alisema. "Nilijua tu."

Jamani, nilitamani niipige ile kompyuta na nyundo. Nilishamsogeza Kaka pembeni ili uso wa Dada uonekane, lakini nikimpandisha huyu, yule analalamika. Nikiwaweka sambamba, hakuna sambamba, leya hazina sambamba! Halafu Kaka Mkubwa akagundua kwamba leya iliyogusana na ya Mama ni ya Kaka Fundi, na ikawa vita sasa, nani akae karibu na Mama. Yakatoka ya friji. Yakatoka ya nani alimpeleka Mama kliniki na nani alijifanya simu haina chaji. Dada akataja neno ambalo sitalirudia, na Kaka Mkubwa akafungua kinywa amrudishie.

"Jamani!" Kaka Fundi alinong'ona, akionyesha skrini. "Mama anatuangalia."

Kweli, alikuwa katikati ya picha, mikono mapajani, anatabasamu. Wote wakashikwa na aibu. Dada akajitanda vizuri khanga yake.

"Maneno haya hayasemwi mbele ya Mama," alisema. "Mtoeni kwanza."

Na Kaka Mkubwa, kwa heshima zote, akainama. "Samahani, Mama," akasema, akabonyeza kijicho chake. Mama akatoweka. Hapo wakaanza kutukanana kwa raha zao.

Simu yangu ikalia: muuguzi, anasema wanamwandaa, tufanye haraka. Nikapandwa na mori. "Basi! Naziunganisha zote ziwe leya moja. Hakuna wa juu, hakuna wa chini, hakuna wa uani!" Nikabonyeza. Majina yote yakafutika, likabaki moja: "Picha". Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake, na hilo lilimridhisha kila mtu.

Picha ikatoka kwenye mashine, kubwa, inang'aa. Tukaiinamia wote. Kaka Mkubwa akaikagua tai yake. Dada akahesabu hereni, zote mbili zipo. Kaka Fundi akamtafuta mkewe, na mkewe akahakikisha hana ua karibu. Mimi nikaangalia nywele zangu. "Safi sana," tukasema, tukaikunja, tukakimbia.

Tulimkuta Mama kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya plastiki kichwani. Kaka Mkubwa akaikunjua picha mbele yake. Mama akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, nasi tunasubiri sifa.

"Mmependeza, wanangu. Kila mtu anaonekana." Akaweka kidole katikati. "Na hiki kiti mlichokizunguka, ni cha nani?"

Tukatazama. Ee Mungu wangu. Kiti kitupu. Sote tumekiegemea kwa mapenzi, Dada ameweka mkono begani pasipo bega, mimi nimelaza kichwa hewani, nacheka.

"Mama, ni kijicho tu," nikasema. "Kilibonyezwa. Walikuwa wanagombana, hawakutaka usikie."

"Mlikuwa mnagombania nini?"

Wifi ndiye aliyejibu, macho chini: "Nani akae karibu na wewe, Mama."

Mama akacheka, akacheka mpaka muuguzi akamwomba apumue taratibu. Akairudisha picha kwa Kaka Mkubwa.

"Iacheni hivyohivyo," alisema. "Nikitoka salama, mtaniweka. Nisipotoka, picha yenu si mnayo tayari?"

Wauguzi wakamsukuma ndani ya chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa.

Kaka Mkubwa akakaa sakafuni, palepale kwenye korido, na tai yake. Sijawahi kumwona amekaa chini. Nikakaa naye, na wengine wakakaa, bega kwa bega, wifi katikati.

"Mdogo wangu," Kaka akaninong'oneza, "nakala si unayo? Si unaweza kumrudisha?"

"Ninayo, kaka. Kwenye kompyuta anarudi."

Akanishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma, na sikuutoa.